Nyeusi Hukawia Kukauka

Kwa mara ya nne tangu Jumamosi, Mama Herufi aliisukuma karatasi ya maungamo ikarudi upande wa pili wa meza, kalamu ikiwa juu yake.

"Sisaini," alisema. "Wamekuja wawili, sikusaini. Wamekuja watatu, sikusaini. Leo wameniletea mwanamke mwenzangu. Karibu, mwanangu, keti. Kiti hicho kina mguu mfupi, angalia usianguke. Lakini sisaini."

Inspekta aliketi, na kweli kiti kikayumba. Kituoni walimwita Msumari, jina alilopachikwa na wenzake kwa kuwa akishaingia kwenye jambo hang'oki. Asubuhi hiyo ya Jumatatu Mkuu wa kituo alikuwa amemtupia jalada mezani akamwambia limebakiza saini tu, kazi ya nusu saa.

"Sikuja na kalamu, Mama. Hiyo uliikuta hapa. Mimi nimekuja kusikiliza."

"Nimeshasimulia mpaka ulimi umeota sugu."

"Hujanisimulia mimi."

Mama Herufi aliisogeza kalamu kando. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mwembamba, mabega yamenyooka kama aliyezoea kufanya kazi amesimama. Koti lake la kazini lilikuwa limechukuliwa kuwa kielelezo, akabaki na gauni na kanga aliyoletewa na shangazi yake. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa ameandika mabango katika karakana ya Mzee Brashi, na hakuna duka, gereji wala saluni katika mtaa ule ambayo herufi zake hazikupita mkononi mwake.

Sasa Mzee Brashi alikuwa amelala chumba cha maiti. Jumamosi asubuhi jirani alimkuta chini ya ngazi za karakana, shingo imevunjika na kifua kina alama ya kusukumwa. Daktari alisema amekufa Alhamisi, kati ya saa nane na saa kumi na moja alasiri.

"Jumatatu iliyopita niligombana naye," Mama Herufi alisema. "Mtaa mzima ulisikia, sina la kuficha. Mwenye jengo anataka tutoke ajenge maduka ya vioo. Mkataba wetu bado una miaka sita. Mzee akaanza kulegea. Anasema yeye ni mtu mzima, hataki vita. Mimi nikachukua ubao mkubwa, nikaandika kwa rangi nyeusi: TUPO HAPA HAPA. Nikamwambia huu tunautundika juu ya mlango, kila mpita njia ausome."

"Naye?"

"Akasema namtafutia balaa. Nikamwita mwoga. Mbele za watu, mwanangu. Nikavua koti, nikaliviringisha kwapani, nikaondoka. Sikurudi tena. Ubao niliuacha herufi tupu, hata mpaka wa pembeni sijaupaka."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi nilikuwa zahanati na shangazi yangu tangu asubuhi. Waulizeni. Lakini hao wenzako wanasema rangi imewaambia vingine." Alicheka kidogo bila furaha. "Miaka ishirini na mbili nimeshika rangi, haijawahi kunisemesha. Imewasemesha wao siku moja."

*

Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa kukata maneno kama anayekata kuni.

"Sikiliza. Jumamosi saa tatu asubuhi tumefika pale. Ubao umeegemezwa ukutani ghorofani, pale pale juu ya ngazi. Herufi nyeusi mbichi kabisa, mtaalamu wetu kagusa, kidole kikatoka cheusi. Herufi moja imepanguswa na kiwiko. Koti la huyo mama, mkono wa kulia, lina rangi nyeusi mbichi. Rangi ya mafuta inakauka siku mbili, imeandikwa kwenye kopo. Kama angeandika Jumatatu ya wiki iliyopita, Jumamosi ingekuwa ngumu kama kaure. Kwa hiyo ameandika Alhamisi. Kwa hiyo alikuwepo. Kwa hiyo muongo. Unataka nini tena?"

"Zahanati, Afande."

"Daftari la zahanati lina tarehe, halina saa. Aliingia, akatoka, akaua, akarudi."

"Na huo mpaka wa kahawia pembeni mwa ubao? Kwenye picha naona kuna alama ya dole gumba, chini upande wa kulia."

"Kahawia ilikuwa kavu. Kavu ni ya zamani. Hiyo alama inaweza kuwa ya yeyote, ya mwezi uliopita." Mkuu aliangalia simu yake iliyokuwa ikilia, akaizima. "Mwenye jengo huyo. Anapiga mara ya tatu tangu asubuhi. Anataka kujua lini tutafungua utepe wa polisi aingie kwenye jengo lake. Hakimu ametupa siku saba. Mimi sihitaji saba. Kalete saini."

"Mama anasema aliuacha ubao bila mpaka."

"Mama anasema! Mshtakiwa atasema hata mbingu ni ya kijani."

"Basi nitaikagua mbingu hiyo kwa siku saba hizo, Afande, nione kama ni ya kijani."

Mkuu aliinua uso taratibu. Inspekta alikuwa ameshachukua jalada na kutoka.

*

Katika chumba cha vielelezo alitumia saa nzima na orodha mkononi, akifungua mfuko mmoja baada ya mwingine. Koti la Mama Herufi: nyeusi mkononi, na kweli baada ya wiki nzima bado ilinata. Alilikagua kila pindo, mbele na nyuma. Kahawia hakuiona hata tone.

Ripoti ya daktari ilikuwa imetaja kwa mstari mmoja "uchafu wa kahawia" kwenye vidole vya mkono wa kulia wa marehemu.

Mwisho akakuta mfuko ulioandikwa "gazeti kuukuu, lilikuwa sakafuni chini ya ubao". Alilivuta kwa koleo. Matone ya kahawia yalikuwa yamedondoka juu yake kwa mstari, kama yanavyodondoka mtu anapopaka ukingo wa kitu. Alisoma tarehe juu ya ukurasa. Akaisoma tena.

Lilikuwa la Alhamisi. Alhamisi ile ile.

Akaketi juu ya sanduku. Kama kahawia ilipakwa Alhamisi, ilikuwaje Jumamosi iwe kavu, na nyeusi iwe mbichi? Ama nyeusi ilipakwa baada yake, na Mkuu yuko sahihi, ama kuna kitu kuhusu rangi ambacho hakuna mtu kituoni anakijua.

*

Duka la msaga rangi lilikuwa mwisho wa uchochoro, dogo kama kabati, rafu zake zimejaa makopo ya unga wa kila rangi. Mwenyewe alikuwa mzee mfupi aliyefunikwa vumbi la rangi mpaka kope. Kila aliyemwamkia alimjibu bila kuacha kusaga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Polisi, naona kwa viatu. Umekuja kwa ajili ya Brashi."

"Alikuwa akinunua kwako?"

"Kwangu tu. Rangi za kopo aliziita uji wa wagonjwa. Alinunua unga na mafuta ya kitani, anachanganya mwenyewe, na yule mama wake wa herufi vile vile."

Inspekta aliweka picha ya ubao juu ya meza. "Nyeusi na kahawia. Mafuta yale yale, fundi yule yule. Zitakauka siku moja?"

Msaga rangi aliacha kusaga. Alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama mbuzi na kuku hulala kitanda kimoja.

"Nani amekwambia hivyo?"

"Kituoni. Wanasema rangi ya mafuta ni siku mbili."

"Ya kopo, ndiyo. Kiwandani wanatia dawa ya kukaushia, zote zinakwenda sawasawa kama wanafunzi kwenye mstari. Hii ya kuchanganya mwenyewe, binti yangu, kila unga na tabia yake." Alivuta makopo mawili. "Usidhani mafuta haya yanakauka kama nguo kwenye kamba. Hayaondoki. Yanavuta hewa, yanaganda. Sasa huu udongo wa kahawia una madini ndani yake yanayoyaharakisha. Paka leo, kesho jioni unaanza kushika, keshokutwa umekauka. Na hii nyeusi ni masizi. Masizi yanakunywa mafuta kama ngamia, halafu yanayazuia kuganda. Siku tano, siku nane, nimeona mpaka siku kumi na mbili. Wateja wananigombeza, nawaambia nyeusi hukawia kukauka, ningefanyaje, niipepee?"

Inspekta hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Kwa hiyo mtu akikuta ubao, nyeusi mbichi na kahawia kavu..."

"Hajui lolote. Nyeusi inaweza kuwa ya juma lililopita na kahawia ya juzi."

"Umeuza kahawia hii hivi karibuni?"

"Nimemuuzia Brashi mwenyewe. Jumatano, siku moja kabla hajafa. Robo kilo. Akaniambia, 'Yule mwanamke ameniachia ubao hauna mpaka, siwezi kutundika kitu kiko uchi.'" Mzee akapangusa macho, yakabaki na alama za kijani. "Alikuwa anacheka."

"Utayasema hayo mahakamani?"

"Nitayasema hata sokoni juu ya pipa."

"Basi nisagie zote mbili," Inspekta alisema. "Kwa mafuta yale yale, kama ulivyomsagia yeye."

*

Mchana huo huo, mbele ya mtaalamu wa kituo aliyekubali shingo upande, alipaka mistari miwili juu ya kipande cha ubao uliochukuliwa karakana ile ile: mmoja mweusi, mmoja kahawia. Akaandika saa, wote wawili wakasaini. Ubao ukawekwa juu ya kabati la ofisi yake, dirisha wazi. Kila asubuhi saa tatu alikuwa akigusa kila mstari kwa kipande kipya cha pamba, mtaalamu akipiga picha.

Jumanne pamba zote mbili zilitoka na rangi. Jumatano ile ya kahawia ilitoka nyeupe, nayo ya nyeusi ikatoka kama imechovywa wino. Alhamisi ikawa vile vile.

Mkuu aliingia Alhamisi hiyo hiyo, akanusa hewa.

"Umegeuza kituo changu karakana?"

"Ni jaribio, Afande. Liko kwenye jalada."

"Nilikupa kazi ya nusu saa. Leo siku ya nne unaangalia rangi ikikauka. Unajua watu wanasemaje mtu akiwa hana kazi?" Aliinama mezani. "Mwenye jengo anaheshimika. Wakubwa wananiuliza. Nikikuamuru ufunge jalada leo?"

"Niamuru kwa maandishi, Afande, nami nitaiambatisha. Hakimu atasoma amri yako ukurasa wa kwanza, na picha za pamba ukurasa wa pili."

Mtaalamu aliyekuwa ameshika kamera akajifanya anasafisha kioo chake. Mkuu aligeuka akaubamiza mlango. Amri ya maandishi haikuja.

Jumamosi, siku tano baada ya kupakwa, pamba ya nyeusi bado ilitoka nyeusi. Ijumaa alikuwa amepata majibu ya alama za vidole: dole gumba kwenye kahawia halikuwa la Mzee Brashi wala la Mama Herufi. Muuguzi wa zahanati naye alikuwa ameandika maelezo kwamba Alhamisi ile, saa nane hadi saa kumi na moja, mama mmoja mwembamba alisimama mlangoni mwa chumba cha sindano akimgombeza yeye kwa kuchelewa. Hakumsahau, alisema, na hana hamu ya kukutana naye tena.

Inspekta aliinua simu, akamwita mwenye jengo.

*

Alikuja mwenyewe, bila wakili, funguo za gari zikizunguka kidoleni. Alikuwa mtu mkubwa, amenukia, mwenye sauti ya kujaza chumba.

"Mmefikia wapi, dada? Utepe wenu umenichelewesha wiki nzima. Wajenzi wangu wanakaa bure."

"Tunakaribia, Bosi. Ni kukamilisha tu. Mara ya mwisho kuingia karakana ilikuwa lini?"

"Jumatatu ile, siku waliyogombana. Nilipanda juu kuzungumza na mzee kiungwana."

"Ulimkuta na Mama Herufi?"

"Mama alikuwa ameshaondoka kwa hasira zake."

"Uliuona ubao?"

"Niliuona. Upuuzi mtupu."

"Uliushika? Nauliza kwa sababu tuna alama ya dole gumba kwenye mpaka wa kahawia. Tungependa kuwatoa watu wasiohusika."

Alifikiri kidogo tu. Kisha akatabasamu, akanyoosha mikono yake miwili mezani kama mtu anayeonyesha hana kitu.

"Inawezekana ni mimi. Niliuinua niusome vizuri, nikajichafua. Chukueni alama zangu, sina shida. Si mmesema wenyewe hiyo kahawia ni ya zamani? Mkuu wako aliniambia, ilikuwa kavu mlipofika."

Mtaalamu alichukua alama hapo hapo, akatoka. Aliporudi baada ya dakika ishirini alitikisa kichwa kukubali, akabaki amesimama mlangoni.

"Ni lako," Inspekta alisema.

"Nimekwambia. La Jumatatu."

"Jumatatu ubao ule haukuwa na mpaka."

"Nani kasema? Yule muuaji wenu?"

Inspekta aliweka gazeti mezani ndani ya mfuko wake. "Matone haya ni ya mpaka. Soma tarehe." Akaweka maelezo ya msaga rangi. "Kahawia ilinunuliwa Jumatano." Akaweka picha za pamba, mbili mbili, siku kwa siku. "Na hizi zinaonyesha kahawia hukauka ndani ya siku mbili, na nyeusi bado mbichi baada ya siku tano. Tuliisoma saa kinyume, Bosi. Ile tuliyoiita mpya ndiyo ya zamani. Hii kavu ndiyo ya Alhamisi. Dole lako limezama kwenye rangi ya Alhamisi ikiwa mbichi."

Mwenye jengo alizitazama picha. Funguo ziliacha kuzunguka kidoleni.

"Hizi ni hadithi za pamba."

"Ulikwenda Alhamisi kufanya nini?"

"Sikwenda."

"Ulikuwa na karatasi ya yeye kukubali kuhama. Mke wako, aliyehojiwa ulipokuwa njiani kuja hapa, anasema ulitoka nayo nyumbani saa saba na nusu, ukarudi bila shati ulilotoka nalo. Mzee alikuwa tayari kulegea, mtaa mzima unajua. Ulidhani ni saini tu, kazi ya nusu saa. Kilitokea nini? Alikuomba umuongezee muda? Alikulilia?"

"Kulia?" Sauti ya mwenye jengo ilipanda ghafla, uso umemwiva. "Angelia ningemvumilia! Ninamsomea karatasi, mimi, kwenye jengo langu, yeye ananigeuzia mgongo anapaka mpaka wake! Ananiambia niangalie nisichafue viatu! Nikaushika ule ubao niutupe chini, akaja kunizuia, kizee kile, akanishika..."

Akazifumbata funguo ngumini. Nje mtu alikuwa akipiga muhuri, moja, mbili, tatu.

"Malizia," Inspekta alisema kwa upole.

"Nataka wakili wangu."

"Ni haki yako. Umesikia, mtaalamu? Andika saa. Saa tano na dakika kumi, ameomba wakili. Na kabla ya hapo andika kila neno."

Mkuu wa kituo alikuwa amesimama kwenye korido, mlango ukiwa nusu wazi. Kwa muda gani, hakuna aliyejua. Alimpisha mtuhumiwa na askari wawili bila kumtazama usoni, kisha akamgeukia Inspekta.

"Utahamishwa," alisema. "Si mimi nitakayetaka. Itatoka juu."

"Najua, Afande."

"Ungenisikiliza..."

"Ningekusikiliza, mama wa watu angefia jela na wewe ungetia saini. Mimi wanihamishe wanakotaka. Maelezo na picha za pamba nimeshazipeleka mahakamani asubuhi, nakala mbili."

*

Mama Herufi alitolewa mahabusu kabla ya adhuhuri. Walimrudishia viatu na mkoba, koti wakalibakiza. Shangazi yake mzee alikuwa akimngoja kwenye benchi ndani ya ofisi, lakini Mama Herufi hakuonyesha haraka ya kwenda popote. Alisimama mbele ya meza ya Inspekta akasikiliza habari yote mpaka mwisho, mikono ameikunja kifuani.

"Kwa hiyo kahawia ndiyo iliyonitoa."

"Kahawia ilimfunga yeye. Nyeusi ndiyo iliyokutoa wewe."

"Na mpaka aliupaka Mzee mwenyewe?"

"Mwenyewe. Alinunua unga siku moja kabla. Mwenye jengo anasema alimpa mgongo."

Mama Herufi alitazama dirishani. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya fundi anayekagua kazi.

"Mkono wake ulikuwa unatetemeka, miaka mitatu sasa. Mistari yote mirefu nilikuwa nampakia mimi, tunawaambia wateja ni yeye. Ameunyoosha?"

Inspekta hakutaka kumdanganya. "Pande mbili zimenyooka. Wa juu una mawimbi kidogo. Upande wa nne hakuufikia."

"Nitaumaliza mimi."

"Ule ni kielelezo, Mama. Hauguswi mpaka kesi iishe. Inaweza kuwa mwaka, inaweza kuwa miwili."

"Sina haraka." Mama Herufi alitia mkoba begani, akamwinua shangazi yake kwa kumshika kiwiko. "Waambie waweke mahali pasipo na vumbi. Na ule upande wenye mawimbi, mtu yeyote asijaribu kuurekebisha."